Kumpeleka Mama Mkwe Shelui kwa Giaboksi ya Pikapu

Tangu Jumapili simu yangu haijatulia. Mmoja anauliza kama ni kweli gari langu lilisukumwa na ng'ombe pale Misigiri. Mwingine amesikia nilimbadilisha mama mkwe kwa jogoo. Mwalimu wa hisabati ndiye kanichosha kabisa, kaniuliza mbele ya kidato cha pili huku akicheka. Basi kaeni niwaeleze mara moja tu. Ng'ombe hawakusukuma kitu, walisimama wakatutazama. Waliosukuma ni wafugaji.

Kwa asiyejua chanzo: mke wangu Neema ni Mnyiramba wa Ulemo. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na mashine ya kusaga, na ujanani mwake alipenda mashindano ya magari kuliko chakula. Akanunua kigari cha mbio, chekundu, milango miwili, viti viwili, kimeinama chini utadhani kinatafuta sindano. Alipomposa mama mkwe aliahidi kwamba siku moja atampeleka kwao Shelui kwa gari hilo, watu wote watoke nje waone. Mwezi uleule wa harusi giaboksi ikafa. Gari likaingia kwenye banda la alizeti na halikutoka tena, miaka arobaini.

Shelui kuna dada yake mama mkwe, tunamwita Mama Mkubwa. Huyu kwa miaka yote arobaini hajaacha kusema neno moja: "Mumeo alikuoa kwa uongo. Lile gari halijawahi kutembea. Lililetwa juu ya lori usiku ili wewe ulione, ukubali." Akija Ulemo anasema hivyo. Kwenye msiba wa baba mkwe alisema hivyo, tena karibu na jeneza.

Sasa juzijuzi tukasikia kijana wa Mama Mkubwa anamhamishia mama yake Mwanza, Jumamosi inayofuata, kwa basi la mchana. Tulikuwa Ulemo siku hiyo. Nikamsikia mama mkwe akimwambia Neema jikoni, "Dada anaondoka akiamini mume wangu alikuwa mwongo. Hatarudi tena huyu. Atakufa nalo neno hilo."

Mimi nilikuwa chumba cha pili, nakula peke yangu, maana kwa mama mkwe wangu mila bado ipo kazini. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye picha. Yeye si wa hao. Mkwe wa kiume hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Nimeoa miaka kumi na moja, na kanga zake nazijua zote, uso wake siujui vizuri. Lakini siku ile kwa uchungu nilisahau, nikapiga kelele kupitia ukutani, "Mama, nitalifufua, Jumamosi utaingia Shelui nalo!"

Halafu Neema akaja na bakuli la maji ya kunawa, akaninong'oneza, "Mama anauliza kama umelewa."

Sikuwa nimelewa. Heri ningekuwa nimelewa, ningepata cha kusingizia.

Singida Mjini hadi Mitundu

Injini haikuwa tatizo. Fundi wangu Hamisi, wa hapahapa mjini, aliiamsha kwa siku mbili, ikanguruma vizuri tu. Tatizo ni giaboksi, meno yake yalibaki vipande. Ya aina ile haipatikani tena, si Dar, si kokote. Hamisi akasema kampuni ileile ilitengeneza pikapu miaka hiyohiyo, na giaboksi ya pikapu inaingia kwenye kile kigari, "ukiibembeleza." Tukapiga simu huku na huku hadi tukaambiwa kuna pikapu mfu Mitundu, kwa mzee mmoja anaitwa Maganga. Tukaelewana naye kwa simu. Jumanne alfajiri tukapanda basi.

Hamisi mnamjua. Tumbo kubwa, mdomo mkubwa zaidi. Kufika Ikungi abiria wote walikuwa wanajua tunafuata nini. Kufika Manyoni walikuwa wamegawanyika pande mbili, wanaosema giaboksi itaingia na wanaosema mwalimu kaingizwa mjini na fundi wake. Mama mmoja aliyebeba vitunguu aliniombea kabisa.

Itigi tulikula kwanza. Hamisi akaagiza ugali wa mtama na mlenda, akachovya tonge, akaliinua juu, mlenda ukavutika hadi mezani, akamwambia dada wa mgahawa, "Unaona huu? Hivi ndivyo giaboksi inavyotaka. Chuma kisigusane na chuma." Dada akajibu kwamba hapo wanauza chakula, na kama anataka oili avuke barabara.

Kutoka Itigi tukapata lori linaloenda Mitundu kupakia mahindi. Mnajua ile barabara, vichaka kulia, vichaka kushoto, na kila baada ya mwendo kidogo kuna mtu amepanga madumu ya asali kando. Dereva wetu alisimama kwa kila mmoja. Anashuka, anasalimia, anachovya kidole, anafumba macho, anasema "mm," kisha anatikisa kichwa kwa huzuni na kurudi kwenye lori. Hakununua hata tone. Mara ya sita nikashindwa kuvumilia.

"Ndugu yangu, unatafuta asali gani?"

"Situmii asali," akasema. "Daktari kanikataza."

Kuna watu ukibishana nao unaongeza safari.

Mitundu, chini ya nyuki

Mzee Maganga alitupokea vizuri, shikamoo zikaitikiwa, maji ya kunywa yakaletwa, habari za Singida zikaulizwa moja moja. Halafu akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye pikapu. Ilikuwa haina matairi, imekalia mawe, na ndani ya kebini, kuanzia usukani hadi kwenye dari, ilikuwa nyuki watupu.

"Nilisahau kuwaambia," akasema. "Hawa waliingia wenyewe. Giaboksi ni yenu, ila nyuki ni wangu. Na hawapendi nyundo."

Hamisi akauliza kama hatuwezi kuwafukiza moshi kidogo. Mzee Maganga akamtazama kama mtu aliyeomba kufukiza watoto. "Moshi ni siku ya kurina asali. Leo ni siku ya kurina?"

"Si siku ya kurina, mzee."

"Haya."

Basi ilibidi tufungue giaboksi kwa chini, kimya kimya, huku juu yetu chumba kizima kinanguruma. Tuliinua pikapu kwa jeki ili tumbo la Hamisi lipite. Nikawa nampa spana kwa ishara. Yule fundi ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili alifanya kazi saa nne bila neno, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko chochote. Bolti moja ikagoma. Dawa ya bolti kama ile ni nyundo, na nyundo ndiyo hatuna ruhusa. Tukaimwagia oili, tukaenda kula kwa mzee, tukarudi, ikakubali. Ilikubali ghafla. Giaboksi yote ikashuka ikatua juu ya tumbo la Hamisi.

Mtu wa kawaida angepiga yowe. Hamisi alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Machozi yakamtoka. Akaninong'oneza, "Mwalimu. Nakufa."

Nami nikamnong'oneza, "Pole sana."

"Niondolee."

"Sauti, Hamisi, sauti."

Nilimvuta kwa miguu, giaboksi ikiwa juu yake, hadi uani. Huko ndiko alikopiga lile yowe, na mbuzi wa jirani wakakimbia.

Asubuhi yake tukaaga. Mzee Maganga alipojua gari ni kwa ajili ya mama mkwe, hakukubali niondoke mikono mitupu. Akatoa kidumu cha asali na jogoo mwekundu mwenye macho makali. "Mpelekee mkweo. Mwambie anatoka Mitundu." Jogoo alikuwa amefungwa miguu vizuri na kamba ya katani, na kidumu kimefungwa mfuniko kwa kamba hiyohiyo. Tulipofika Itigi ndipo Hamisi alipoanza kupekua begi lake.

"Mwalimu, ile kamba yangu ya kipimo iko wapi?"

Hiyo kamba ndiyo ilikuwa na urefu kutoka kwenye injini hadi kwenye difu, kule kwenye ekseli ya nyuma ya kigari. Bila hiyo hatuwezi kujua propela, lile bomba la chini linalopeleka nguvu nyuma, ikatwe wapi, na kurudi Ulemo kupima upya ni siku nzima, na siku hatuna. Tukatazamana. Kisha wote wawili tukamtazama jogoo.

Singida Mjini, kwa fundi wa kuchomelea

Alhamisi asubuhi tuko kwa fundi wa kuchomelea. Tulimweleza kwamba kipimo kimekatwa vipande viwili, kimoja kwenye asali na kingine miguuni mwa huyu ndege. Akasema yeye amechomelea miaka ishirini, hajawahi kupokea kipimo kinachodonoa.

Kipande cha asali kilifunguka bila shida. Cha jogoo, mara kilipolegea, mwenyewe akaruka juu ya mashine, akaangusha chupa ya rangi, akapita katikati ya miguu ya mteja aliyekuja na geti lake, akapanda juu ya geti, akawika. Tulimkimbiza watu watano. Aliyemkamata ni mama muuza chapati wa jirani, kwa mkono mmoja, bila kuweka chini sufuria.

Hamisi akaunga vipande, akaongeza vidole viwili kwa ajili ya mafundo, akailaza giaboksi mpya chini na kamba pembeni yake. Kilichobaki cha kamba ndicho urefu wa propela. Fundi akauliza, "Una uhakika?" Hamisi akasema ana uhakika. Mimi nilikuwa nimemshika jogoo na sina uhakika na chochote. Propela ikakatwa, ikachomelewa, ikasawazishwa. Nawaambia kweli, tulipoifunga Ulemo kesho yake iliingia kama imezaliwa humo. Nimeacha kumcheka Hamisi kwa mambo ya hesabu.

Ulemo, Ijumaa

Siku hiyo nzima tulikuwa chini ya gari. Majirani walileta vigoda wakakaa kutazama, na kila aliyepita alitoa ushauri. Giaboksi ya pikapu ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo fimbo ya gia ikatokea nyuma zaidi, ikabidi tutanue tundu. Tena ilikuwa fimbo ya pikapu hasa, ndefu, imepinda kuelekea upande wa abiria. Tulitaka kuikata na kuichomelea upya, ila umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hamisi akasema, "Acha, haisumbui mtu."

Jioni jua halijazama tukalitoa bandani. Nikakaa kwenye usukani, maana Hamisi tumbo lake halipiti pale, naye akajibana kiti cha abiria. Likaenda! Jamani, likaenda! Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukazunguka kijiji, watoto nyuma, kuku wanaruka. Kupitia dirishani nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni kwake, amejifunika kanga mdomo. Ila Neema aliniambia baadaye kwamba usiku huo alipiga pasi nguo ya kanisani mara mbili.

Kosa tulilifanya hapo, na lisingeweza kufanywa na watu wengine zaidi yetu. Tulijaribu gia zote, lakini tulijaribu tukiwa wanaume wawili.

Ulemo hadi Misigiri

Jumamosi saa tatu mama mkwe akatoka. Gauni la bluu, kilemba, viatu vya kufunika. Nikamsalimia nikitazama tairi, "Shikamoo, Mama." Akaitikia akitazama mti, "Marahaba." Akaingia na kifurushi cha mchele akakiweka miguuni, na jogoo akampakata, maana alisema atampa dada yake kama zawadi ya kuagana. Neema akafunga mlango. Hamisi alikuwa nyuma kwenye bodaboda na jeki yake.

Nikawasha. Nikakanyaga klachi. Nikapeleka mkono kwenye fimbo ya gia, nikagundua.

Gia ya kwanza na ya pili zipo upande wa kushoto. Kushoto ni abiria. Ile fimbo ndefu iliyopinda, ukiiweka gia ya kwanza inakwenda kukaa juu ya goti la abiria, na ya pili inavuta nyuma kabisa, sitaki hata kusema inaishia wapi. Goti la Hamisi nilikuwa nimeligonga jana mara ishirini bila wazo lolote. Leo goti lililopo pale ni la mama mkwe.

Nikaondoa mkono haraka. Mama mkwe naye aliona. Akajaribu kusogea mlangoni, lakini gari lile ukishafunga mlango hakuna tena pa kusogea. Kijiji kizima kinatusubiri tuondoke.

Kumwambia siwezi. Wa kumpitishia neno hayupo, viti ni viwili. Ndipo mama mkwe akamgeukia jogoo, akamwambia kwa upole, "Jogoo, mwulize mkwe tunangoja nini."

Nikamjibu jogoo, "Mwambie Mama tunangoja kusukumwa."

Basi majirani wakatusukuma. Gari lilipoanza kuserereka nikalitia gia ya tatu, ambayo iko katikati na haina ubaya na mtu. Likatikisika, likanung'unika, klachi ikanuka, likaenda. Barabarani kwenye lami mambo yakawa mazuri. Tatu, nne, na hii giaboksi ina ya tano, upande wangu kabisa. Upepo ukaingia, mama mkwe akashika kilemba. Nikaanza kujiona mwanaume.

Karibu na Misigiri ng'ombe wakakata barabara, mia kasoro. Kusimama ni kuzimika. Wafugaji wawili wakaja kutuchungulia, na nikamwomba jogoo amwombe Mama aniwie radhi, kisha nikawaomba wafugaji watusukume.

"Gari jipya hivi linasukumwa?" akauliza mmoja.

"Lina miaka hamsini."

"Basi mngepumzika tu."

Lakini wakasukuma. Mungu awabariki. Hamisi alikuwa nyuma kwenye bodaboda anapiga kelele, "Mwalimu, gia ya kwanza! Tia ya kwanza!" Nilijifanya sisikii.

Mteremko wa Sekenke

Mnaijua Sekenke. Unatoka juu, bonde la Wembere lote liko chini yako, barabara inajikunja, na malori yanashuka polepole kama bibi harusi. Ukishuka pale unashuka na gia ndogo injini ikushikilie. Ukitegemea breki peke yake zinachemka, na zikichemka huna tena breki. Kila dereva anajua. Mimi nilikuwa nimeingia mteremko na gia ya tatu, breki za tangu enzi za baba mkwe, na mbele yangu kuna lori la mafuta.

Kona ya kwanza nikakanyaga breki, zikashika. Ya pili zikashika kwa shida. Ya tatu nikaanza kusikia harufu, na pedali ikashuka chini zaidi ya ilivyozoea. Nilitazama fimbo ya gia. Nilitazama goti. Nawaapia, nilifikiria kweli kipi kibaya zaidi, na kwa muda mfupi lori la mafuta lilionekana afadhali.

"Jogoo," mama mkwe akasema, na sauti haikuwa ya upole tena, "mwulize mkwe kinachonuka ni nini."

"Jogoo, mwambie Mama ni breki."

"Mwulize dawa yake ni nini."

"Mwambie Mama ni gia ya pili."

"Mwulize kwa nini haweki."

Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama. Nikasema, "Mwambie Mama... ipo kwenye goti lake."

Mgongo wa lori ulikuwa unakua. Halafu nikaona mkono wa mama mkwe, mkono mkavu wenye pete ya ndoa, unamweka jogoo chini juu ya kifurushi cha mchele, unarudi juu, unaishika ile fimbo.

"Mkwe," akasema. Kwa mdomo wake, kwangu mimi, bila jogoo. "Inakwenda wapi?"

"Huko kwako, Mama. Kisha nyuma. Ngoja nikanyage kwanza." Nikakanyaga klachi, nikagusa mafuta kidogo. "Sasa!"

Akavuta. Kitu kikakoroma chini ya miguu yetu, halafu kikaingia, *tap*. Nikaachia klachi, injini ikapiga kelele, gari likavutwa nyuma kana kwamba mtu kalishika mkia. Mwendo ukapungua. Lori likaanza kwenda mbali.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia, Mama."

"Nisiiachie?"

"Unaweza kuiachia."

Hakuiachia. Tulishuka Sekenke nzima hivyo, mimi mikono yote miwili kwenye usukani, yeye wake kwenye gia, wala vidole havikugusana hata mara moja. Bondeni nilikuwa najiandaa kumwambia tupande ya tatu, akanitangulia. "Kanyaga. Injini inalia, inataka kupumua." Nikakanyaga, akasukuma, ikaingia laini kuliko mimi nilivyowahi kuiingiza. Ndipo nikakumbuka kwamba aliyekuwa akiisimamia mashine ya kusaga ya baba mkwe kila siku, akisikiliza inapolemewa na inapokimbia bure, alikuwa huyu mama.

Kuanzia hapo mimi nilikuwa nageuza usukani tu. "Kanyaga," anasema. Nakanyaga. "Achia." Naachia. Mara moja nilichelewa, akaguna. Kipande chote cha bonde hadi Shelui tulikipita bila kusukumwa na mtu.

Shelui

Basi lilikuwa limeshafika. Mizigo ya Mama Mkubwa ilikuwa inapandishwa, kijana wake amemshika mkono, konda anahimiza. Mama mkwe akasema "kanyaga," akatia ya pili, akatia ya kwanza, tukaingia polepole kabisa kati ya watu, gari jekundu linang'aa, na tukasimama mbele ya mlango wa basi. Alifanya makusudi. Watu wakatuzunguka.

Mama Mkubwa alimwachia kijana wake mkono. Akaja na fimbo yake, akalitazama gari mbele, akazunguka nyuma, akainama kutafuta chini kama kuna lori.

"Kumbe linatembea," akasema.

"Linatembea," mama mkwe akasema, bado yumo ndani. "Lilitembea hata siku ile."

Mama Mkubwa akatazama pembeni. Nadhani miaka arobaini si kitu unachokimeza mara moja mbele ya watu. Halafu macho yake yakaona mkono wa mdogo wake juu ya fimbo ya gia.

"Na hicho umeshika nini?"

"Gia. Nimezibadilisha mimi, tangu Sekenke."

"Mwongo wewe!"

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akanigeukia, akanitazama usoni, mchana kweupe, mbele ya Shelui nzima, na nikaona kwamba Neema amechukua macho yake. "Mkwe," akasema, "mwambie."

"Ni kweli, Mama Mkubwa. Bila yeye tusingefika."

Mama Mkubwa akazunguka upande wangu, akapenyeza fimbo yake dirishani, akanigonga bega. "Shuka."

Nikashuka haraka. Akampa kijana wake mkoba, akajikunja, akaingia kwenye kiti changu, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sinia. Nikamfungia mlango. Wakawa wamekaa pamoja, wazee wawili na jogoo, gari limezimwa, na mama mkwe akamwonyesha pa kukanyaga. Kwanza hakuweza kuifikia klachi, akajivuta mbele. Nikasikia wanahesabu. Moja. Mbili. Mama Mkubwa alikuwa analia, na anacheka, na anakosea kukanyaga.

Konda akapiga ubao wa basi. "Mama! Tunachelewa Mwanza!"

"Subiri," mama mkwe akamjibu bila kugeuka. "Bado hajatia ya tano."